Amri ya "nendeni mkashauriwe" kwa wazazi wanaotengana haina kichwa wala miguu

Wadau wa Nakuru na viunga vyake, hii amri inayotolewa kwenye kesi za ulezi na matunzo imezidi. Wazazi waende ushauri nasaha, kesi itajwe tena tarehe fulani. Basi! Ushauri wa nani? Saa ngapi? Nani analipa? Ukimuuliza karani hana jibu, kwa sababu kwenye faili hamna.

Kinachofuata kinajulikana. Mama anatafuta mchungaji, baba anamleta mjomba, kikao kinageuka baraza la nani alimtoroka nani. Mtoto hatajwi. Siku ya kutajwa kesi kila mmoja anaapa alihudhuria, karatasi hakuna, tarehe inasogezwa. Karo nayo inangoja.

Kule Florida, Marekani, sheria imetaja kila kitu: somo la wazazi wanaotengana, lisilopungua saa 4, aliyefungua kesi alimalize ndani ya siku 45 tangu awasilishe ombi, mwenzake siku 45 tangu akabidhiwe hati. Uthibitisho unaingia kwenye faili kabla ya hukumu ya mwisho. Na wawili hao hawalazimishwi kusoma pamoja. Hilo ndilo huku linapuuzwa kabisa. Ukimketisha aliyepigwa kando ya aliyempiga, atakubali lolote ili atoke salama, halafu mnashangaa makubaliano yakivunjika wiki hiyo hiyo.

Msiniambie upatanishi wa mahakama unatosha. Ule umepewa siku 60, na kazi yake ni kuwasaidia wazazi wakubaliane mtoto akae wapi na nani alipe nini. Haumfundishi mtu kumkabidhi mtoto Jumapili jioni bila matusi, wala kuacha kumtuma mtoto akadai pesa za unga kwa babake. Ibara ya 53 ya Katiba imewapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la. Sasa wajibu huo wataubeba vipi kama hawawezi kupigiana simu?

Kabla hamjatoka mbele ya hakimu, ombeni amri itaje mtoaji wa masomo, idadi ya saa, ada na mlipaji, siku ya mwisho ya kuleta cheti, na vikao tofauti penye kipigo. Asiye na wakili aseme mwenyewe, kwa Kiswahili, anaruhusiwa. Anayetoka Kuresoi aombe pia kusoma kwa simu. Nauli ya kila kikao si mchezo.

Mawakili mlio humu, mbona hamliombi hili?