Mume dereva teksi, mimi nesi: bima ya maradhi mazito au ya kulinda kipato, tuanze na ipi?

MamaNasra (Leicester)

Salaam wanajamvi. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Tuko wanne, sisi na watoto wawili, nyumba ya kupanga hapa Leicester. Mimi nesi hospitali ya NHS (huduma ya afya ya serikali ya Uingereza), niko mwaka wa tatu, nilikuja kwa viza ya wafanyakazi wa afya. Mume wangu alikuja kama mtegemezi wangu, anaendesha teksi, amejiajiri mwenyewe. Pesa yake ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, pauni 950. Yangu inakwenda kwenye chakula, gesi na umeme, nauli, na kile tunachotuma Tanga kwa mama mkwe.

Sasa kuna dereva mwenzake kaanguka bafuni, kaumia mgongo. Mpaka leo hajashika usukani. Madereva walimchangia mara ya kwanza, mara ya pili kila mtu akaanza kutazama simu yake. Mume wangu karudi usiku, kala kimya, halafu kaniuliza: "Ikinipata mimi, kodi tunalipa na nini?"

Tukampigia dalali wa bima. Kampangia bima ya maradhi mazito: akipata saratani, kiharusi, mshtuko wa moyo na mengine mengi yaliyoorodheshwa, analipwa pauni 60,000 kwa mkupuo. Ada pauni 47 kwa mwezi. Akagusia na nyingine ya kulinda kipato, inayolipa kila mwezi mtu akishindwa kazi, lakini akasema hiyo "ni ya watu wa ofisini".

Je, ni kweli? Na mimi pia nahitaji, au NHS inanitosha? Jingine, mume wangu ana sukari, aina ya pili, anameza metformin. Shemeji anasema tusiiandike kwenye fomu, eti iko chini, haina madhara.

Mla_Mihogo (Birmingham)

Dada, pauni 47 kila mwezi kumpa mtu asiyekujua? Sisi hapa tuna upatu, mwenzetu akiugua anapokea yeye kwanza, hakuna fomu wala daktari. Bima utalipa miaka kumi, siku ukiumwa unaambiwa soma ukurasa wa 43.

MzeeWaDawati (Cardiff)

Mwanangu MamaNasra, kabla sijastaafu nilikaa miaka mingi kwenye dawati la madai la kampuni ya bima hapa hapa Uingereza. Kazi yangu ilikuwa kusoma barua za madaktari na kusema huyu alipwe, huyu bado. Siuzi kitu, kwa hiyo nisikilize bila hofu.

Huyo dereva aliyeanguka bafuni angekuwa na bima mliyopangiwa, asingepata hata peni. Mgongo haumo, isipokuwa mtu apooze. Bima ya maradhi mazito haiulizi kama unaweza kufanya kazi. Inauliza kama ugonjwa wako umo kwenye orodha na umefikia ukali ulioandikwa pale. Ukitimiza hayo, na mara nyingi uwe hai siku 14 baada ya kuugua, unapewa fungu lako hata kama kesho yake unarudi kazini. Usipotimiza, hata ulale kitandani mwaka mzima, hakuna kitu.

Si bima mbaya. Aliyeibuni alikuwa daktari wa upasuaji wa moyo, Marius Barnard wa Afrika Kusini (ndugu yake Christiaan ndiye aliyepandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza, Cape Town, 1967). Alichoka kuona wagonjwa wake wanapona moyo huku wamefilisika. Bima ya kwanza ilitoka mwaka 1983 na ilikuwa na mambo manne tu: saratani, mshtuko wa moyo, kiharusi, na upasuaji wa mishipa ya moyo. Leo kampuni zinashindana urefu wa orodha, na mengi ya yaliyoongezwa sikuwahi kuona mtu hata mmoja akiyadai. Msidanganywe na urefu. Ombeni mkataba wenyewe, si kipeperushi, msome maelezo ya hayo manne ya mwanzo. Kwenye saratani hasa. Nilimhudumia mama mmoja mwenye saratani ya titi iliyogunduliwa mapema sana, bado haijatoka kwenye vifereji vya maziwa. Kwa kampuni yake huo ulikuwa ugonjwa wa kulipwa sehemu ndogo tu ya fungu. Alilia kwenye simu, na mkataba ulikuwa umeandikwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Ile ya kulinda kipato ni kitu tofauti kabisa. Ugonjwa wowote au ajali yoyote itakayomzuia kazi, baada ya muda wa kusubiri mliouchagua, analipwa kila mwezi mpaka apone, au mkataba uishe, au afikie umri wa kustaafu. Zipo za bei nafuu zinazolipa mwaka mmoja au miwili kwa kila dai. Akilipa ada mwenyewe, pesa anayopokea haikatwi kodi ya mapato. Kwenye dawati langu mafaili manene yalikuwa ya migongo, magoti, na maradhi ya akili. Ni maradhi ambayo ile bima nyingine kwa kawaida haiyagusi.

Na si ya watu wa ofisini! Mtu wa ofisini mwenye mwajiri mzuri anaweza kuumwa miezi na mshahara unaingia. Mume wako akilala leo, leo hiyo hiyo mita imesimama. Hana hata ile posho ya ugonjwa ya kisheria, ambayo kwa mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 118.75 kwa wiki hadi wiki 28, kwa sababu hiyo ni ya walioajiriwa. Dalali huenda aliikwepa kwa kuwa madereva wa teksi huwekwa kwenye daraja la kazi zenye hatari zaidi, ada inapanda na kampuni zinapungua. Zipo zinazowachukua lakini. Kuna vyama vya bima vya zamani vinavyomilikiwa na wanachama, vilianza kwa mafundi na vibarua wa karne ya 19, hao ndio wateja wao mpaka leo. Tafuteni dalali anayetazama soko zima.

Mtakapopewa mkataba, tafuteni kwanza kushindwa kazi kumeelezwaje. Unaotaka ni ule unaosema "kushindwa kufanya kazi yake mwenyewe". Kuna unaosema kazi yoyote inayomfaa, na kuna unaopima kama anaweza kutembea, kuinama, kupanda ngazi, kushika kalamu. Huo wa mwisho ni nafuu kwa sababu ni mgumu kulipa. Mtu hawezi kukaa kwenye kiti cha gari kwa muda wa saa kumi, lakini kalamu anashika vizuri tu.

Jambo la madereva peke yao: halmashauri nyingi zinawapima madereva wa teksi kwa viwango vya afya vya dereva wa lori. Anaweza kusimamishwa leseni wakati mwili wake bado una nguvu. Mikataba mingi hulipa kwa ugonjwa unaomzuia kazi, haimlipi kwa sababu tu leseni imechukuliwa. Ulizeni hilo kwa maandishi.

Kuhusu sukari, mwambie shemeji asante na asiongeze neno. Ukidai, kampuni inaomba faili lako kwa daktari wako, na metformin imo humo kila mwezi. Sheria ya bima ya mwaka 2012 inatenganisha mambo mawili. Ukikosea kwa kutokuwa mwangalifu, wanaweza kupunguza malipo kulingana na ada uliyopaswa kulipa. Ukificha kwa kusudi, wanafuta mkataba na ada zako wanabaki nazo. Nimefuta mikataba ya namna hiyo, na kila mara kulikuwa na shemeji mahali fulani.

Mla_Mihogo, upatu wenu mzuri na msiuache. Ila upatu unaisha zamu, mgongo hauishi zamu. Na huo ukurasa wa 43, kampuni ikikataa bila haki, kuna Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa malalamiko dhidi ya kampuni za fedha na bima, kupeleka malalamiko ni bure. Kwa maradhi mazito, takwimu za kampuni zenyewe zinaonyesha takriban madai tisa kati ya kumi hulipwa.

BintiKisauni (Milton Keynes)

Shukran Mzee. Na sisi tunaoogopa riba na bahati nasibu? Babangu hataki kusikia neno bima ndani ya nyumba.

MzeeWaDawati (Cardiff)

Binti, fatwa si kazi yangu, hilo kaa na sheikh unayemwamini. Nikusaidie swali la kumpelekea tu: vile vyama vya wanachama havina wenye hisa wa nje, faida inabaki kwa wanachama wenyewe. Lakini pesa zao bado huwekezwa, na mahali zinapowekezwa ndipo sheikh atakapokuuliza. Nenda na ripoti yao ya mwaka mkononi.

MamaNasra (Leicester)

Mzee, Mungu akuweke. Nimemsomea mume wangu yote, ameuliza kama unakunywa chai ya tangawizi.

Sasa faida aliyoitangaza kwa HMRC, mamlaka ya kodi, mwaka jana ni pauni 17,400. Kipimo chake cha sukari cha miezi mitatu ni 52. Na mimi hukunijibu: NHS inanitosha? Tena viza yetu hairuhusu misaada ya serikali, hilo ndilo linanikosesha usingizi zaidi.

MzeeWaDawati (Cardiff)

Ya tangawizi, bila sukari.

Wewe kwanza. Kwa ngazi za NHS, mwaka wa tatu wa kazi una miezi minne ya mshahara kamili na minne ya nusu. Ukitimiza miaka mitano inakuwa sita na sita. Kwa hiyo wewe huna haraka, na ukija kukata bima ya kipato, chukua muda wa kusubiri wa wiki 26, baadaye 52, ada inashuka sana. Tena usijitoe kwenye pensheni ya NHS. Najua manesi wetu wengi wanajitoa ili wapate cha kutuma nyumbani. Mle ndani kuna fungu la mara mbili ya mshahara ukifariki ukiwa kazini, na kuna kustaafu kwa ugonjwa baada ya miaka miwili ya uanachama. Hayo hulipii kwa dalali yeyote.

Viza: kweli Universal Credit, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, hamuigusi. Lakini posho ya ugonjwa inayotokana na michango ya Bima ya Taifa, New Style ESA, haihesabiwi kama msaada wa serikali kwa masharti ya viza, maana mtu ameichangia. Aliyejiajiri anaweza kuiomba kama michango yake ya miaka miwili mitatu ya nyuma imetimia. Mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa kama pauni 92 kwa wiki mwanzoni, haitoshi kodi ya nyumba, lakini ipo. Upande wa bima, kampuni nyingine haziwachukui wenye viza ya muda, nyingine zinataka uwe umekaa hapa kipindi fulani. Hilo liwe swali lenu la kwanza kwa dalali, msijaze kurasa thelathini halafu mkaambiwa mwisho.

Sasa mume wako. Bima ya kipato inatazama faida aliyotangaza, si pesa iliyopita mkononi. Tuseme kampuni inakubali asilimia 60: ni pauni 10,440 kwa mwaka, yaani 870 kwa mwezi. Kodi yenu ni 950. Zinapungua themanini, na hizo mshahara wako unaziweza. Kuna madereva wanaomwambia HMRC wamepata elfu tisa, halafu wanataka bima ya elfu ishirini na tano. Nilikuwa nawaomba wachague moja.

Muda wa kusubiri kwake: wiki 4 ni ghali, wiki 13 ni nafuu. Mkiweza kuweka kando kodi ya miezi mitatu, chukueni 13. Hapo ndipo upatu wa Mla_Mihogo unapofaa, akipenda kuwapokea.

Sukari ya 52 imedhibitiwa vizuri. Ada inaweza kuongezwa, na kwenye maradhi mazito baadhi ya kampuni zitamkataa kabisa. Ndiyo maana dalali aulize kampuni kadhaa kwanza bila kutuma maombi rasmi. Fomu nyingi huuliza "umewahi kukataliwa bima?", na mkishakataliwa itabidi mjibu ndiyo.

Anza na kipato. Ikibaki pesa, rudini kwenye maradhi mazito kwa fungu dogo, pauni 20,000 badala ya 60,000, ya kumpa nafasi ya kupumua mwaka mmoja akipata kiharusi. Hizo 60,000 zilitoka wapi hasa? Muulize dalali alizikokotoa vipi.

MamaNasra (Leicester)

Nimemuuliza leo. Kasema ndiyo "namba ambayo watu wengi huchukua". Kesho tunapiga kwa dalali mwingine.