Majivu ya jiko la mama: naomba ushauri wa Kwaresima

Mama Furaha (Goma, Majengo)

Yambo sana ndugu zangu katika Kristo. Mnivumilie, nitaandika kwa urefu.

Mimi ni muuza makala, yaani makaa ya kupikia. Nina kibanda karibu na soko la Virunga, nauza kwa gunia na kwa ndoo ndogo, mwaka wa tisa huu. Nimo Legio ya Maria, kile chama cha sala cha Wakatoliki, nimo kwaya, na katika shirika letu ndimi ninayeshika daftari la michango. Jumatano ya Majivu nilipanga mstari kama kila mwaka. Padri akanipaka majivu, akasema, "Kumbuka u mavumbi," nami moyoni nikajiuliza: hivi nimeshanunua unga wa jioni? Nilifika mlangoni mwa kanisa ndipo nikajua nilichofanya. Sikulia. Hata haya sikuona sana. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Maana sikuwa hivi. Mwaka 2002 nilikuwa na miaka 11. Tarehe 17 Januari volkeno yetu ya Nyiragongo ilipasuka, na lava ikashuka hadi katikati ya mji, ikaingia Ziwa Kivu. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, mama akiwa na mdogo wangu mgongoni na sufuria kichwani. Tuliporudi, penye nyumba yetu, si mbali na uwanja wa ndege, palikuwa na jiwe jeusi tu. Lilikuwa bado na joto. Mvua ikinyesha, jiwe lote linafuka mvuke, na sisi watoto tunasogea kuota. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu nalo lilikuwa limekwenda. Na kabla mwezi haujatimia, tarehe 13 Februari, Kwaresima ikaingia.

Mnajua majivu ya siku ile hutoka kwenye matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia. Kila nyumba huleta yake yaliyokauka. Yetu yalikuwa chini ya jiwe, na ya majirani vilevile. Tulisali nje, kwenye kiwanja, baadhi yetu tumekaa juu ya mabidoni. Padri akauliza, "Nani amepika leo asubuhi?" Mama yangu akainua mkono. Nikatumwa mimi. Nilikimbia hadi kwenye hema letu, nikachota majivu ya jiko kwa sahani ya plastiki ya bluu, nikarudi polepole nimeishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Padri akayachekecha kwa kitambaa, akayabariki, akawapaka watu wote. Majivu ya maharagwe yetu! Nilitazama paji la uso la kila mtu aliyerudi mahali pake, wazee, wanajeshi, mama wa kwaya, wote wamebeba kitu kilichotoka kwenye jiko la mama yangu. Siku ile sikutaka kunawa uso. Nilikuwa nikijiambia: kumbe Mungu anapajua kwetu.

Sasa nina miaka 35, vumbi la makala halitoki kwenye kucha zangu, na sishangai tena.

Si kwamba sifanyi bidii. Mwaka huu nimejiandikia noveni tatu (sala za siku tisa tisa), rozari nne kila siku, Njia ya Msalaba Jumatano na Ijumaa, kufunga mpaka jioni siku hizo mbili, sura tatu za Biblia, na kuacha sukari. Juu yake kuna vikundi vitano vya WhatsApp vinavyoleta tafakari tangu alfajiri. Ni wiki ya kwanza tu na nimekwisha choka. Jana nilimfokea binti yangu kwa sababu alinikatiza rozari. Alikuwa anataka kunionyesha jino lake lililong'oka.

Swali langu ni hili: mtu anarudije pale alipokuwa? Niongeze, au nipunguze? Na nikipunguza, si nitakuwa nimemdanganya Mungu niliyemwahidi?

Papa Katekista (Goma, Ndosho)

Mama Furaha, amani ya Bwana. Nimefundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, miaka mingi, na nikiri kwanza kwamba hata mimi nimewahi kusoma Njia ya Msalaba nzima huku nikiwaza bati la nyumba yangu linalovuja.

Chukua Biblia, soma Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Eliya amechoka hata anaomba afe. Amelala chini ya mti jangwani. Malaika anamgusa, na neno la kwanza analomwambia ni "Inuka, ule." Anaangalia, anaona mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Makaa, mama! Ni makala yako hayo. Anakula, anakunywa, analala tena. Anaamshwa mara ya pili, anakula tena. Ndipo anapotembea siku 40 mchana na usiku mpaka Horebu. Sisi tunaanza na zile siku 40, tunaruka mkate na usingizi.

Tena ukifika Horebu, usipite haraka. Upepo ulipita, Bwana hakuwamo. Tetemeko likapita, hakuwamo. Moto ukapita, hakuwamo. Ikaja sauti ndogo ya utulivu. Nikisoma maneno hayo hapa Goma darasa lote hunyamaza, kwa kuwa tetemeko na moto sisi hatuvisomi kitabuni tu.

Kuhusu ahadi. Kanisa linadai mfungo siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mwenye miaka 18 mpaka anapoanza mwaka wa 60. Siku hizo unakula mlo mmoja kamili, na viwili vidogo unaruhusiwa. Nyama Ijumaa, unaacha tangu miaka 14. Mengine yote uliyoyaandika ni zawadi uliyochagua mwenyewe, na hakuna baba anayependa zawadi inayomfanya binti yake afoke nyumbani. Mwambie padri wako, hata kwa dakika mbili, atakufungua. Halafu ushike jambo moja. Liwe dogo kiasi kwamba hata ukitaka kujisifia mbele ya Legio utaona haya kulitaja. Jambo lenyewe sikuchagulii.

Deklaranti wa mpakani (Goma)

Mama, shikamoo. Mimi kazi yangu ni karatasi za mizigo, nashinda mpakani. Nimesoma habari ya sahani ya bluu mara mbili.

Ninapowaza usahili wa moyo namwaza Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Alizaliwa hapa hapa Goma mwaka 1981, akafanya kazi ya kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Walimpa pesa aachilie chakula kilichoharibika kipite, akakataa kwa sababu watu wangekila. Mwezi wa 7 mwaka 2007 wakamteka, wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri kule Roma. Alikuwa mtu wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akikaa na watoto wa barabarani. Mimi ninasimama kwenye mstari wa kazi kama yake. Mwaka jana niliwekewa bahasha chini ya faili na mtu ambaye sitamtaja. Sikuwa na ushujaa wowote, mikono ilitetemeka, nikairudisha tu. Usiku ule nilikula fufu na sombe, na sikumbuki chakula kilichonikolea namna ile.

Kwa hiyo nathubutu kukuuliza, usinikasirikie: makala yako yanatoka wapi? Hifadhi ya Virunga ipo tangu 1925, na sote tunajua magunia mengi mjini humu yametoka ndani yake. Labda huko nako kuna kitu kimefunika moyo. Nasema kwa heshima.

Mama Espérance

Mimi ni Mprotestanti, kwetu hatupakwi majivu, kwa hiyo sina cha kusema juu ya hayo. Lakini lile jino. Mwombe mtoto akuonyeshe tena.

Sista (Bukavu)

Mama Furaha, nakuandikia kutoka ng'ambo nyingine ya ziwa letu. Naona hukuthubutu kuuliza jambo moja, ngoja niliulize kwa niaba yako: baada ya yote tuliyoyaona Kivu hii, mtu anashangaaje bado? Nani asiyekufa ganzi? Ganzi nyingine si dhambi, mama. Ni moyo umejifunika ili uishi.

Hapa Bukavu tunamkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996 mjini mwetu. Alikuwa akisema kuna mambo yanayoonekana tu kwa macho yaliyolia. Umeandika kwamba hukulia mbele ya majivu. Lakini umetuandikia habari ya mama yako na nyumba iliyo chini ya jiwe, na nadhani ulipokuwa unaiandika hukuwa mkavu. Je, mama yako yu hai? Ulishawahi kumwambia kwamba unayakumbuka majivu yale?

Mama Furaha (Goma, Majengo)

Ndugu zangu, leo ni wiki ya tatu, ninarudi kama nilivyopaswa.

Sista, mama alifariki miaka minne iliyopita. Sikuwahi kumwambia. Nilisoma swali lako kibandani, mteja amesimama na ndoo, ikabidi niombe radhi nigeuke upande wa magunia. Basi, nililia. Yule mteja alikuwa mama mtu mzima, akangoja, hakuuliza kitu.

Papa Katekista, nilimwendea padri. Hazikufika dakika mbili. Alicheka aliposikia rozari nne, akanifungua, akaniambia nilale. Vikundi vya WhatsApp nimetoka vitatu. Vile viwili ni vya familia na shirika, hivyo siwezi.

Ndugu Deklaranti, sikukukasirikia, ila siku mbili sikupenda kufungua simu. Ukweli ni huu: nilikuwa najua. Makala ya miti ya msituni ni mazito, yanakaa motoni, mteja akiyanunua mara moja harudi kwa mwingine. Ya mikaratusi ya kupandwa ni mepesi, yanaisha upesi, na watu wanalalamika. Anayeniletea nilimuuliza gunia limetoka wapi, akajibu "Masisi" kabla sijamaliza kuuliza. Miaka yote tisa sikuwahi kuuliza, kwa sababu nilijua jibu litakuja haraka namna hiyo. Sasa nanunua kwa mzee mmoja ambaye shamba lake la mikaratusi nimeliona kwa macho yangu. Magunia ni machache. Wateja wawili wakubwa, wale wenye vibanda vya kuchoma nyama, wamehama. Karo ya robo hii sijui nitaitoa wapi, na sitawaambia kwamba nina amani tele, kwa maana usiku nahesabu franka. Lakini siwezi tena kurudi kwenye kutouliza.

Mama Espérance, jino alikuwa bado nalo, amelifunga kwenye karatasi ya daftari. Nilikaa chini, nikalitazama kwa utaratibu, hata ule mzizi wenye damu kidogo. Akanieleza lilivyong'oka shuleni akila muwa, neno kwa neno, na rafiki yake aliyepiga kelele, na mwalimu aliyeleta maji. Habari ndefu. Kisha tukalitupa pamoja juu ya bati. Lilibiringika likaanguka chini, tukalitupa tena.

Na lile jambo moja dogo. Kila alfajiri ninatoa majivu ya jana kwenye jiko, nayapeleka nyuma ya nyumba kwenye lundo. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Sasa kabla ya kumwaga nasimama, nasema "Kumbuka," namwaga, narudi ndani. Hakuna kingine. Siku tano za kwanza sikusikia chochote, lilikuwa neno tu. Siku ya sita kulikuwa na upepo kutoka ziwani, majivu yakanirudia usoni, nikasikia harufu ya lile hema. Ilipita mara moja. Sijaipata tena, wala siitafuti.

Nina jirani, Mama Shabani, ni Mwislamu, tunatumia ua mmoja. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimeingia juma lilelile, kwa hiyo naye huamka saa kumi kupika daku, na majivu yake anamwaga kwenye lundo lile lile. Alinisikia. Akaniuliza, "Unasema na nani hapo?" Nikamweleza, nikamsimulia na habari ya sahani ya bluu. Alinyamaza, kisha akasema kwao pia wanafundishwa kwamba binadamu ametoka kwenye udongo. Akamwaga yake, tukasimama kidogo, maana kulikuwa bado giza na juu ya mlima kulikuwa na ule wekundu wa Nyiragongo.

Tangu siku ile, anayetangulia kutoka humngoja mwenzake.