CAKE, fq_codel au kikomo kwa kila chumba? Jengo la vyumba 14, Kisumu

ruta_milimani
Wakuu, faiba ni 20 Mbps kushuka, 10 kupanda. Ruta ni MikroTik hEX, inatumia programu ya RouterOS 7. Laini ikiwa tupu, ping ya 8.8.8.8 (muda wa kwenda seva ya Google na kurudi) ni milisekunde 14. Mpangaji mmoja akianza kupakia video inaruka hadi 700. Nigawe kasi kwa kila chumba, niweke fq_codel au CAKE (njia mbili za ruta kupanga foleni ya data)? Kuna aliyependekeza BBR pia, ile njia ya kudhibiti kasi ya kutuma data.

fundi_kondele
BBR iweke kando. Hiyo ni kazi ya mashine inayotuma data, si ya ruta inayopitisha tu.

Hizo 700 zinatoka kwenye bafa ya kifaa cha faiba, yaani kumbukumbu inayoshikilia data inayosubiri kutumwa. Piga hesabu: bafa ya MB 1 ni megabiti 8, na laini ya 10 Mbps huimaliza kwa sekunde 0.8. Pakiti (kipande cha data) yoyote mpya, hata ya ping, inasubiri nyuma ya mzigo huo wote. Dawa ni kuihamishia foleni kwenye ruta yako, na itahamia tu ukiweka kikomo chini ya kasi halisi ya laini. Anza na 9M kupanda, 18M kushuka. Bila kikomo, hata CAKE haina la kufanya.

section58_nakuru
Kugawa kwa chumba? 20 kwa 14 ni kama 1.4 Mbps. Saa tisa usiku yuko macho mmoja tu, na bado anapata 1.4 hiyo hiyo. Ukiwapa 5M kila mmoja, wanne wakipakua pamoja laini imejaa na umerudi palepale.

fq_codel hugawa kwa mkondo (muunganisho mmoja mmoja), kwa hiyo mwenye torrent ya mikondo 40 anakula sehemu 40. CAKE hugawa kwanza kwa kifaa, ndipo kwa mkondo. Kwa wapangaji, mimi sioni ubishi. fq_codel ningeiweka tu kwenye ruta yenye prosesa dhaifu.

`/queue type add name=cake-up kind=cake cake-flowmode=dual-srchost cake-nat=yes`
`/queue type add name=cake-down kind=cake cake-flowmode=dual-dsthost`
`/queue simple add name=jengo target=192.168.88.0/24 max-limit=9M/18M queue=cake-up/cake-down`

Kwenye max-limit, namba ya kwanza ni ya kupanda, wengi huzigeuza. Na kumbuka mwenye simu, laptopu na TV anahesabiwa mara tatu.

fundi_kondele
Na fasttrack, ile njia ya mkato ya trafiki, je? Sheria hiyo huja imewashwa kwenye ukuta wa moto wa MikroTik, na trafiki yake huruka foleni kabisa. Izime, kisha tazama kaunta ya ile foleni ya "jengo". Ikiwa haisogei huku watu wanapakua, foleni yako ni pambo.

ruta_milimani
Nimezima. Mchana ping haipiti 25. Kuanzia saa mbili usiku inapanda hadi 200 mtu akipakua.

waya_kakamega
Kwanza piga ping 192.168.88.1, yaani ruta yako yenyewe, saa hiyo hiyo. Ikipanda nayo, tatizo ni Wi-Fi, achana na foleni.

Ikibaki chini, zima foleni kidogo upime kasi. Ukipata 15, kikomo cha 18 kiko juu ya laini na msongamano umerudi kwa mtoa huduma. Weka 13M. Unaweza kutumia scheduler (ratiba ya ruta): 13M saa moja na nusu jioni, 18M usiku wa manane. Kwenye 4G hata hiyo haitoshi kwa sababu kasi hubadilika kila dakika. Huko watu huweka OpenWrt (programu huria ya ruta) na cake-autorate, inayoshusha kikomo yenyewe ping ikianza kupanda.

section58_nakuru
Saa ya ruta iwe sahihi basi. hEX haina betri ya saa, kwa hiyo washa NTP (huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao) kabla ya hiyo scheduler.