Gari linatetemeka likiwa kwenye D: ni mauntingi au injini yenyewe?

Swali
Ndugu mafundi, naomba msaada. Gari langu ni la otomatiki, na injini yake imekaa kukingama upana wa gari. Nikisimama huku nimekanyaga breki na gia ikiwa kwenye D (ya kwenda mbele), usukani hutetemeka hadi kioo cha ndani kinaonyesha magari ya nyuma kama ukungu. Nikiweka N (gia huru), mtetemo hupungua sana, na nikiingiza R (ya kurudi nyuma) nasikia kishindo kimoja kizito. Fundi ameniambia nibadilishe mauntingi zote nne, yaani vishikizo vya raba na chuma vinavyobeba injini, ingawa hakufungua hata boneti. Nitahakikishaje kabla ya kununua?

Jibu la kwanza
Kishindo hicho kinanifanya nizishuku mauntingi, lakini ondoa kwanza shaka ya injini, kwa maana silinda moja ikimisi, yaani mafuta yasipowaka ndani yake, gari zima hutetemeka, hata kwenye N. Kagua plagi na koili, vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta.

Zikiwa salama, mtu akae kwenye usukani, avute breki ya mkono, akanyage breki barabara, kisha ahamishe gia kutoka D hadi R bila kukanyaga mafuta. Wewe simama ubavuni, kamwe usisimame mbele ya gari. Injini kujongea kidogo ni kawaida; ikiinuka na kujibwaga, kuna raba iliyokatika. Zima, mulika kila mauntingi kwa tochi, kisha ingiza mtaimbo mfupi na uinue taratibu, kwani ufa uliojificha chini ya uzito wa injini hufunguka hapo, ukaona raba imebanduka kwenye chuma chake. Zile zenye majimaji ndani huacha michirizi myeusi zikipasuka.

Jibu la pili
Naongezea kuhusu kubadilisha. Jeki ya kuinulia injini iwekewe ubao mpana, la sivyo sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, itabonyea au kupasuka. Inua mpaka uzito utoke kwenye mauntingi tu, na ufungue moja kwa wakati mmoja, maana ukizilegeza zote injini itahama na matundu ya bolti hayatalingana tena. Bolti zote zianze kuingia kwa mkono. Ukazaji wa mwisho, kwa kipimo cha kitabu cha gari, ufanyike injini ikiwa imeshakalia uzito wake, kwa sababu raba iliyokazwa ikiwa imejipinda hubaki na mvutano, huleta mtetemo na hukatika mapema. Kosa hili nimelifanya mwenyewe, nikalazimika kulegeza na kukaza upya siku ya pili.

Muulizaji
Nashukuru sana. Plagi na koili ni nzima. Mauntingi ya upande wa kulia imevimba, ni laini kama ufizi, na nikiishika vidole vinatoka na oili. Zile tatu hazina ufa.

Jibu la kwanza
Basi raba hiyo imeliwa na oili. Safisha eneo lote, washa injini, ufuatilie inakotoka. Mara nyingi ni gasketi (kizibo cha kuzuia uvujaji) ya mfuniko wa valvu, ulio juu ya injini. Ziba hapo kwanza, kwa sababu mauntingi mpya ikichuruzikiwa na oili ileile italainika vilevile. Zile tatu usizinunulie mbadala sasa, ila zirudie kwa mtaimbo ukishafunga hii, kwani zilikuwa zinabeba mzigo usio wao.