Ukoo wa Nyumbani (kikundi cha familia)

Dada Mwalimu: Shikamooni wazee. Timu yetu ya netiboli imetolewa ngazi ya kata, 19 kwa 2.

Shangazi: Marahaba. Poleni.

Binamu Mwanza: 🙈 Ilikuwaje?

Dada Mwalimu: Mabinti wanakimbia, pasi wanapiga. Ila goli lenye ringi wameliona siku hiyohiyo! Shuleni mmoja anapanda kiti, anakunja mikono duara, wenzake wanatupia humo.

Baba Mdogo: UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) ya mwakani tunaingia na jezi. Natoa 50,000. Kijani na njano.

Binamu Mwanza: Thubutu! Nyekundu. Sichangii Yanga mimi.

Baba Mdogo: Wekundu ndio wazoefu wa kufungwa 😂

Binamu Mwanza: 🎤 (ujumbe wa sauti, dk 4:10)

Dada Mwalimu: Binamu andika, huku bando ni dhahabu. Na jezi zisubiri jamani. Mpira wa mwisho ulikaa siku tatu, ukachomwa na mwiba. Pampu hatuna, tunabembeleza kwa fundi baiskeli.

Kaka Fundi: Magoli niachieni. Ringi nakunja nondo, upana sentimita 38. Kimo mita 3.05, yaani futi kumi. Nguzo za mkaratusi zipo shambani. Nipeni ya nondo na ya kuchomelea tu, ufundi bure.

Dada Mwalimu: Mungu akubariki kaka. Uwanja ni mita 30 na nusu kwa 15 na robo, nusu tumeshafyeka.

Shangazi: Mnapanga magoli. Saa kumi jioni binti yuko kwenye ringi, maji atateka nani?

Dada Mwalimu: Ndiyo maana mazoezini wanakuja wanne, Shangazi, na mchezo unataka saba. Kaka zao wanapiga mpira kila jioni, hawaulizwi.

Baba Mdogo: Mbona sisi tulicheza chandimu mpaka giza na nyumbani maji yalikuwepo?

Shangazi: Yalikuwepo! Kumbe yalitembea yenyewe kutoka bwawani? Nani alikuwa na ndoo kichwani wewe ukirudi na vumbi lako?

Binamu Mwanza: 😂😂😂 Baba Mdogo anaandika... ameacha... anaandika...

Baba Mdogo: Samahani dada.

Shangazi: Miaka arobaini nakudai samahani moja. Haya. Jumanne na Alhamisi mjukuu wangu wa kiume atakwenda bwawani. Akinuna, anune. Na mama wa jirani nitamwona leo, binti yake ndiye mrefu.

Dada Mwalimu: Huyo ndiye mfungaji ninayemtaka! 🙏🙏

Baba Mdogo: Nimetuma 50,000 kwa Fundi. Nondo kwanza, itakayobaki inunue pampu na sindano yake. Rangi ya jezi tutagombana baadaye.

Kaka Fundi: Imeingia. Binamu?

Binamu Mwanza: Mwisho wa mwezi.

Kaka Fundi: Wa mwezi gani?

Shangazi: Fundi, hizo futi kumi ni juu ya ardhi. Usije ukahesabu na za shimoni.