Daenerys Aligeuka Lini? Mjadala kwa Waliomaliza Misimu Yote Minane

Mleta mada, Chang'ombe, Dodoma

Ndugu zangu, naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo kila likitajwa huvunja kikao. Juzi jioni, pale Nyerere Square, watu wanne tunaoheshimiana kwa miaka mingi nusura tukosane kwa ajili ya mwanamke ambaye hajawahi kuwepo duniani, Daenerys wa tamthilia ya Game of Thrones. Nikasema afadhali niandike, kwa kuwa anayeandika hakatishwi kauli.

Kwa aliyesahau, Game of Thrones ilirushwa na HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, kuanzia tarehe 17 Aprili 2011 hadi tarehe 19 Mei 2019, misimu minane yenye jumla ya sehemu 73. Sehemu ya mwisho ilipoanza kuonyeshwa Marekani Jumapili usiku, kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri ya Jumatatu, na nawafahamu watumishi waliofika kazini siku hiyo wakiwa na macho mekundu kama waliotoka matangani. Kilichowauma hasa kilikuwa kimetokea wiki moja kabla. Daenerys Targaryen, binti wa mfalme aliyepinduliwa, aliyekuwa amewafungua watumwa wa miji mitatu, alikuwa amekwisha kuishinda King's Landing, mji mkuu wenye kiti cha enzi alichokitafuta. Kengele za kusalimu amri zikalia. Naye, akiwa juu ya joka lake Drogon, akauchoma mji pamoja na watoto wake, wazee wake na wachuuzi wake. Katika sehemu iliyofuata mpenzi wake, Jon Snow, akamuua kwa kisu. Zaidi ya watu milioni moja wakatia saini ombi la kutaka msimu huo uandikwe upya, na mnamo Septemba 2019 msimu huohuo ukatunukiwa Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya tamthilia bora.

Msimamo wangu ni huu: Daenerys hakugeuka. Alikuwa vile tangu mwanzo, ila sisi tulikwisha kumvika cheo cha steringi, na mtu akishavikwa cheo hicho macho ya watazamaji hupata ukungu. Wengi wetu tumelelewa na banda umiza, ambako sheria zilikuwa mbili: steringi hafi, na alitendalo steringi ni haki kwa sababu limetendwa na steringi. Tamthilia hii iliivunja sheria ya kwanza mapema kabisa, Ned Stark, tuliyedhani ndiye steringi, alipokatwa kichwa katika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza, nasi tukajiona tumekomaa. Ile sheria ya pili tulibaki nayo mfukoni hadi kengele zilipolia.

Tazameni Meereen, mmoja wa ile miji mitatu. Mabwana wa mji ule waliwasulubu watoto 163 wa kitumwa kando ya barabara ili wamtishe asisonge mbele. Alipouteka mji, Daenerys naye akaamuru mabwana 163 wasulubiwe, roho kwa roho. Ser Barristan, mlinzi na mshauri wake, alimsihi ajibu dhuluma kwa huruma, naye akakataa, akisema kwamba dhuluma ataijibu kwa haki. Nakumbuka sebuleni kwetu watu walipiga makofi. Sehemu mbili baadaye akaja kijana wa mji ule, Hizdahr zo Loraq, akaeleza kwamba baba yake, mmoja wa wale waliosulubiwa, alikuwa ameupinga waziwazi uovu wa kuwaua watoto. Akaomba angalau aruhusiwe kuuteremsha mwili na kuuzika. Ruhusa akapewa. Lakini hakuna popote tulipoonyeshwa malkia akiuliza, kabla ya misumari, nani alitoa amri na nani aliipinga. Alihesabu vichwa, hakuuliza kosa. King's Landing ni hesabu ileile, isipokuwa safari hii vichwa vilikuwa vya watu tuliokuwa tukiwahurumia.

Najua jibu ambalo wengi wenu mnalo ulimini, kwa sababu ndilo lililonipiga pale Nyerere Square: ile mifupa. Mwishoni mwa msimu wa nne, mchungaji mmoja anafika mbele ya kiti cha malkia amebeba furushi, analifungua, na ndani yake mna mifupa iliyoungua ya binti yake wa miaka mitatu, aliyechomwa na Drogon. Daenerys analia, kisha anayashusha majoka yake shimoni na kuyafunga minyororo shingoni, nayo yanamlilia kama watoto wanaoachwa gizani. Mtu huyu, mnaniuliza, ndiye aliyekuja kuchoma watoto wa mji mzima?

Hebu irudieni sehemu hiyo mkaiangalie kwa makini. Majoka yaliyofungwa yalikuwa Viserion na Rhaegal. Lile lililomuunguza mtoto halikufungwa, kwa kuwa lilikuwa limetoweka na hakuna aliyejua lilipo. Yasiyo na hatia yakalipia kosa la lenye hatia, na malkia akahisi kwamba haki imetendeka. Baadaye yale mawili yakafa, moja likiuawa na Night King, mfalme wa wafu, kaskazini, jingine kwa mishale ya adui yake Euron Greyjoy baharini. Lililobaki kuja kupandwa juu ya King's Landing ni lilelile la mifupa. Sidhani kama hilo lilitokea kwa bahati tu.

Anayepinga apinge kwa tukio na sehemu, asipinge kwa hasira. Swali langu kwenu ni moja: nionyesheni mahali ambapo Daenerys aliuliza nani ana kosa kabla ya kuadhibu.

Mchangiaji, Ipagala

Ndugu mleta mada, nakupongeza kwa kuandika kwa nidhamu, ingawa naona umetetea kazi ambayo hata walioiandika hawakuitetea vizuri namna hiyo.

Nafundisha fasihi sekondari, kwa hiyo unisamehe nikitumia lugha ya darasani. Tunawafundisha vijana kwamba kuna mhusika bapa, asiyebadilika, na mhusika duara, anayebadilika kutokana na yanayompata. Wewe unataka kutuambia kwamba Daenerys alikuwa bapa tangu mwanzo na kosa letu ni kutolitambua hilo. Mimi nasema alikuwa duara, tena mmoja wa wahusika duara waliochongwa vizuri zaidi katika tamthilia ile, na waandishi walimbapaza wenyewe mwishoni kwa sababu ya haraka. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kumi. Wa saba ukapewa saba, wa nane ukapewa sita. Ndani ya sehemu hizo sita, waandishi wakuu, David Benioff na D. B. Weiss, walimlazimisha mtu mmoja agundue kwamba mpenzi wake ni mpwa wake na mwenye haki zaidi ya kiti cha enzi, ampoteze mlinzi wake Jorah, ampoteze Rhaegal, amwone msaidizi wake Missandei akikatwa kichwa, kisha achome mji. Msiba juu ya msiba, bila hata siku ya kuanua matanga.

Ushahidi wangu mkubwa ni Tyrion, aliyekuwa mshauri wa Daenerys. Katika sehemu ya mwisho, akiwa mfungwa, anamweleza Jon karibu haya yote uliyoyaeleza wewe: kwamba kila alikopita waovu walikufa nasi tukamshangilia, naye akazidi kuamini kuwa yeye ni mwema. Mwandishi anapolazimika kumfunga mhusika gerezani ili atueleze tulichopaswa kuwa tumekwisha kukiona, huyo mwandishi anajua kwamba hakukionyesha. Wala hakuwa na kitabu cha kumwongoza. Kitabu cha tano cha mfululizo wa George R. R. Martin, ambao ndio chimbuko la tamthilia, kilitoka mwaka 2011, na tamthilia ilikwisha kulipita simulizi la vitabu kitambo.

Umetaka tukio, nakupa tukio. Msimu wa tano, sehemu ya pili. Meereen kuna mfungwa wa kundi la Sons of the Harpy, wale wauaji wenye vinyago vya dhahabu. Baadhi ya washauri wanataka auawe mara moja. Barristan anamweleza malkia faraghani ukweli kuhusu baba yake, mfalme aliyewachoma watu akiamini kwamba anatenda haki, naye Daenerys anaamua kwamba mfungwa yule atahukumiwa kwanza. Mossador, mtumwa aliyefunguliwa, anamuua mfungwa kabla ya hukumu. Malkia anamwadhibu Mossador kwa kifo, mbele ya umati wa watumwa aliowafungua mwenyewe, wakimlilia amsamehe, wakimwita mama. Anatekeleza sheria. Wanamzomea na kumrushia mawe. Hapo aliuliza kosa, kaka, na akalipia gharama ya kuuliza.

Mchangiaji, Majengo

Mimi niliangalia toleo la kutafsiriwa, lile ambalo msimuliaji huongea juu ya picha kwa Kiswahili, na naomba jambo hili lisidharauliwe. Msimuliaji wetu alimpenda Mama wa Majoka, yaani Daenerys, kuliko alivyompenda mkewe. Mabwana waliposulubiwa alicheka na kuwaambia wamekipata walichokuwa wanakitafuta. Hizdahr alipomlilia baba yake, alimfanyia sauti ya mtu mwongo. Kengele zilipolia King's Landing, akanyamaza kwa muda mrefu, jambo ambalo sijawahi kulisikia kwake kabla wala baada ya hapo. Kwa hiyo mleta mada ana haki kuhusu steringi, ila asiwalaumu watazamaji wote kwa kipimo kimoja. Wengine tulikuwa tumepangiwa cha kushangilia.

Mchangiaji, Kikuyu

Nashukuru kwamba mada haijatumia neno wazimu, lakini najua linakuja, kwa hiyo acheni nilizuie mlangoni. Kila mjadala huu unapofanyika hujitokeza mtu akasema kwamba ni damu ya Targaryen, baba alikuwa na wazimu, kaka yake Viserys alikuwa na dalili, binti angekwepa vipi. Anazungumza kama wazee wanaotumwa kuchunguza ukoo wa mchumba kabla ya posa. Stannis Baratheon, mmoja wa waliogombea kiti cha enzi, alimchoma moto binti yake wa kumzaa, Shireen, katika sehemu ya tisa ya msimu wa tano, na sikumbuki yeyote akiuliza habari za damu ya Baratheon. Mliita tamaa ya madaraka. Cersei, mpinzani wa Daenerys kule King's Landing, alilipua hekalu la Baelor na watu wote waliokuwamo, mkaita kisasi. Daenerys akichoma mji, ghafla tunatafuta daktari.

Kumwita mwendawazimu ni kumsamehe. Mwendawazimu hana hukumu. Mimi naamini alijua alichokuwa akikifanya, na kwamba alikuwa amekwisha kuamua, kabla kengele hazijalia, kuwa mji usiompenda utamwogopa. Alimwambia Jon hivyo usiku ule kando ya moto. Kama mnataka kumjadili kama mtawala, mjadilini kama mnavyowajadili watawala wanaume.

Mleta mada, Chang'ombe

Dada wa Kikuyu, sina la kuongeza. Ulilolisema kuhusu wazimu nalichukua kama lilivyo, na nakiri kwamba pale Nyerere Square neno hilo nililitumia mimi.

Ndugu wa Majengo, nimecheka peke yangu kama mtu aliyepagawa. Nakubali pia.

Kwako Mwalimu nimekaa siku mbili. Kuhusu haraka ya misimu miwili ya mwisho hatuna ugomvi, ila sioni kwamba inajibu swali, kwa kuwa jambo lililoonyeshwa upesi laweza kuwa la kweli. Kilichonitikisa ni Mossador. Niliikumbuka sehemu ile vibaya; kichwani mwangu ilikuwa ni hadithi ya malkia mkatili kwa watu wake, nilipoirudia juzi usiku nikaona kwamba wewe ndiye uliyeikumbuka sawasawa. Aliuliza kosa. Kwa hiyo kauli yangu kwamba alikuwa vile tangu mwanzo haiwezi kusimama, na naiondoa.

Lakini sikuishia hapo, niliendelea kuangalia. Barristan, yule aliyemfundisha kuuliza, anauawa vichochoroni katika sehemu ya nne. Katika sehemu ya tano, Daenerys anawakusanya wakuu wa koo kubwa za Meereen, anawateremsha shimoni, na mmoja wao anachomwa na kuraruliwa na majoka mbele ya wenzake, huku yeye akiwaeleza kwamba huenda wote wana hatia na huenda hakuna hata mmoja mwenye nayo, na kwamba majoka ndiyo yataamua. Hakuna mashtaka, hakuna hukumu. Kuna hesabu ya vichwa kama ile ya misalaba, isipokuwa safari hii anajua njia nyingine ipo, kwa sababu alikwisha kuipita sehemu tatu tu nyuma yake na akapigwa mawe. Tangu siku hiyo hadi King's Landing kuna sehemu 26 katikati. Nimezipitia kwa haraka, na swali analowauliza wafungwa wake limebaki moja, kama watapiga magoti au hawatapiga. Ndilo aliloulizwa Randyll Tarly, mkuu aliyeshindwa vitani, na mwanawe Dickon kabla hawajawa majivu.

Kwa hiyo naafiki kwamba aligeuka, Mwalimu, ila si kwenye kengele. Aligeuka kando ya maiti ya Barristan, na sisi sote tulikuwepo tukaona. Ukiwa na tukio kati ya hizo sehemu 26 ambapo aliuliza tena kosa, lilete. Nipo nyumbani kuanzia Ijumaa jioni, na flashi yenye misimu yote ninayo.