MREJESHO: Gitaa lililokuwa likiwachoma masikio waliokaa mbele

Wakuu, niliuliza kwa nini nikisimama karibu na amplifaya (kikuza sauti chenye spika ndani) yangu nasikia sauti nzito, tamu, wakati waumini wa viti vya mbele wanalalamika gitaa linawachoma masikio. Asanteni sana, tatizo limekwisha.

Kumbe spika ya inchi 12, kama iliyo ndani ya amplifaya yangu, husambaza sauti nzito kila upande, maana wimbi la sauti nzito ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) lina urefu wa zaidi ya mita 3. Lakini la sauti nyembamba ya hezi 3,000 ni sentimita 11 hivi, dogo kuliko spika yenyewe, kwa hiyo sauti nyembamba zinanyooka mbele kama mwanga wa tochi. Amplifaya ilikuwa sakafuni. Kwangu zinapita magotini, nazidi kuziongeza, wanaozipata ni wao.

Jumamosi mazoezini nilichuchumaa mbele yake, sikio sawa na spika. Nilishtuka! Kama kijiko kinachokwangua sufuria. Nikashusha kitufe cha sauti nyembamba kutoka 8 hadi 4, nikaipandisha kwenye kiti na kuilaza nyuma kidogo inielekee usoni.

Jana mama mmoja wa kiti cha mbele, aliyezoea kuziba sikio kwa kitenge, aliimba nasi mpaka mwisho.